Mjadala: Raia wa kawaida aruhusiwe kukusanya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) nyumbani?

Mleta mada, Tegeta

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita tulishushiwa lori la kokoto kutoka machimbo ya Kunduchi. Binti yangu wa darasa la tano akawa anazichambua, akaniletea jiwe lenye vijinyota vilivyojipanga kama sega la nyuki. Tumbawe! Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale: bahari ilipokuwa juu kuliko leo yaliota, ilipoteremka yakabaki nchi kavu, yakawa mwamba. Maji yakipwa nenda Oysterbay, utayaona kwenye kingo za ufukwe.

Sasa tuna boksi la viatu lenye mawe kumi na moja. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, kaliona, akasema namfundisha mtoto kupora mali ya taifa. Namheshimu sana mwalimu, ila hapa nampinga. Nasema mtoto aanze, kwa masharti: aokote kilichokwisha kung'olewa tu, asichimbe popote, na kila jiwe liwe na namba na maelezo daftarini, limetoka wapi na lini. Mnasemaje?

Kigamboni

Mwalimu yuko sahihi. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na kuchimba kunataka leseni. Sheria hiyo ina sababu yake. Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria, na wazee wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Leo dinosaria mmoja wa huko, Giraffatitan, amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13, na mtoto wa Lindi anamwona kwenye picha. Leo unasema kokoto tu. Kesho mwingine ataokota jino, keshokutwa atalitafutia mteja. Kitu kikishaingia kabatini kwa mtu, kukitoa ni kazi.

Ubungo

Nimesoma jiolojia, niruhusuni niseme kidogo. Mnabishania mali ni ya nani, lakini hasara kubwa iko kwenye maelezo. Chukueni nyayo za zamadamu, yaani viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, zilizopatikana Laetoli 1978. Tunajua zina umri wa takriban miaka milioni 3.6 kwa sababu zimo ndani ya majivu ya volkano, na majivu hayo yanapimika umri. Mtu angeng'oa unyayo mmoja akauweka sebuleni bila kuandika chochote, angebaki na jiwe lenye shimo.

Kokoto ni habari nyingine. Mwamba umeshavunjwa, mpangilio wake umeshapotea, na jiwe hilo lilikuwa linakwenda kwenye zege. Hapo namuunga mkono mleta mada. Ila likija suala la mfupa au jino, mkono usiguse. Piga picha ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, weka alama mahali penyewe, kisha peleka taarifa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Na tumbawe lililo hai baharini liacheni lilipo. Hicho si kisukuku, ni mnyama.

Mbagala

Na kusafisha je? Wangu alilowesha jiwe kwenye siki, likaanza kutoa povu.

Mleta mada, Tegeta

Ndugu wa Mbagala, litoe haraka! Tumbawe ni chokaa, na siki inaila chokaa. Sisi tunatumia maji na mswaki wa zamani, tunalianika kivulini, halafu namba inaandikwa upande usio na vijinyota. Kila moja linafungwa kwenye karatasi laini ili yasikwaruzane.

Kaka wa Kigamboni, la Tendaguru linaniuma kama linavyokuuma wewe. Lakini waliofukua mifupa ile walikuwa watu wetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Ujuzi wa mikono na macho ulikuwepo hapa hapa. Uamuzi wa mifupa iende wapi ndio haukuwa wetu. Na lile fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959 likiwa limechomoza baada ya udongo kumomonyoka. Lilionwa na jicho lililozoea kutazama chini. Nikimkataza binti yangu kokoto, jicho hilo atalipatia wapi? Akiwa chuo kikuu?

Kigamboni

Kwenye kokoto umenishawishi, dada. Kuuziana nakataa, na kuchokonoa miamba ya ufukweni nakataa hata kwa nyundo ndogo. Swali langu: mtoto akikua, boksi likamchosha, litakwenda wapi? Maana hapo ndipo daftari hutupwa na mawe hubaki.

Mleta mada, Tegeta

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimemuuliza mwenyewe jioni hii. Anasema mwalimu wao wa sayansi ana kabati tupu, na daftari litakaa humo humo na mawe, limefungwa kwa kamba kwenye boksi. Jumatatu ataomba.