Kijiji cha maduka kando ya Ruvuma: nani alipata kukisikia?

Mjukuu wa Mahurunga:
Shikamooni wakubwa, habari zenu wana Kusini. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kwenye kijiji kando ya Ruvuma ambacho leo hakipo. Yeye hukiita "Madukani" tu. Palikuwa na nyumba nne za bati za Wahindi, kisima cha mawe, na mizani ya kuning'iniza. Watu wa ng'ambo, upande wa Msumbiji, walivuka na mitumbwi kuleta nta na korosho, wakarudi na chumvi na kaniki. Mwaka jana, msimu wa korosho ulipokwisha, nilimpeleka. Tulikuta safu ya miembe na majani yaliyonipita kimo. Bibi akaenda moja kwa moja hadi mwembe wa tatu, akaugusa: "Mizani ilikuwa hapa." Kisha akanyamaza mpaka tunafika nyumbani. Kijiji kile kilipotea vipi?

Mwalimu Mstaafu, Mikindani:
Marahaba mjukuu wangu, mfikishie bibi salamu. Zamani misafara ya Wayao ilishusha pembe, sandarusi, mpira na, Mungu atusamehe, watumwa hadi Mikindani na Lindi. Mlango wa Ruvuma ni mikoko mitupu. Yule msafiri Mzungu, Livingstone, alitaka kushukia pale mwaka 1866 akashindwa, ikabidi aje kwetu Mikindani na ngamia wake. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno wakaafikiana mto uwe mpaka. Palipo na mpaka pana bei mbili, na mfanyabiashara hufuata bei. Naamini maduka ya bibi yako yalizaliwa hapo. Tazama Kionga, mlangoni mwa mto: Wajerumani waliishika 1894, Wareno wakaitwaa 1916, na 1919 wakaachiwa moja kwa moja. Mtu alibadilishiwa serikali akiwa shambani kwake.

Mama Korosho:
Mwalimu umeeleza kuzaliwa kwake, mimi nieleze kufa. Septemba 1964 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita na Mreno. Ng'ambo ikawaka, ndugu zetu wakavuka na watoto mgongoni, wala si kwa biashara tena. Mama yangu alisema usiku hawakuthubutu kuwasha hata kibatari. Watu wakasogea mbali na mto, halafu miaka ya sabini ikaja Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ikawamalizia waliobaki. Mwenye duka angemuuzia nani?

Mvuvi wa Kilambo:
Dada, na mto wenyewe msiusahau. Ruvuma huhama. Masika inamega ukingo huku, inatupa mchanga kule. Ndugu, kisima kitafuteni mapema kabla hakijaliwa.

Mjukuu wa Mahurunga:
Ahsanteni sana. Nimemsomea bibi yote. Hapo kwenye kibatari alinishika mkono, akasema hata kwao ilikuwa hivyo. Kisima anakikumbuka: kutoka mwembe wa tatu, hatua za mtoto arobaini kuelekea mtoni. Maji yakipungua narudi na panga na kamba ya kupimia. Aliye karibu na Mahurunga tuongozane.