Chupa ya Rioja iseme imelala pipani miaka mingapi, au imetoka shamba lipi?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nipo Hispania mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni kuhudumu mezani, na kuna jambo moja nalibishania na wenzangu kila wiki. Nalileta jamvini mlipige.

Mvinyo mwekundu wa Rioja, eneo la mizabibu kaskazini mwa Hispania, hupewa daraja kwa muda uliokaa. Crianza ni miaka 2, angalau mmoja pipani. Reserva ni 3, mmoja pipani. Gran Reserva ni 5, miwili pipani. Pipa lenyewe ni la mwaloni, lita 225, na mtindo wake ulitoka Bordeaux, Ufaransa, karne ya 19, enzi ambazo mdudu filoksera alikuwa anamaliza mizabibu ya Wafaransa na wao wakahangaika kutafuta mvinyo kwingine. Reli ilikuwa imeshafika Haro, mji wa Rioja. Ndiyo maana hadi leo ukishuka stesheni ya Haro unazikuta kampuni kubwa za mvinyo, tunaziita nyumba, zimebanana pale pale: López de Heredia ya 1877, CVNE ya 1879, La Rioja Alta ya 1890. Kazi ilikuwa kununua kwa wakulima wa vijiji vingi, kuchanganya, kulaza pipani, kisha kuuza jina la nyumba. Mfumo wa madaraja tulionao ni mtoto wa stesheni ile.

Sasa Rioja ina zaidi ya hekta 60,000 za mizabibu. Kuna udongo wa chokaa chini ya milima ya Sierra Cantabria, baridi yake unaisikia hadi mifupani, na kuna nchi ya joto ya Rioja Oriental huko chini kando ya mto Ebro. Zabibu za kote huko zikilala pipani muda ule ule, zinapewa neno lile lile. Mzee mwenye mizabibu ya miaka 80 na kampuni iliyopanda juzi wanavaa sare moja. Mimi nasema si haki. Pipa atanunua yeyote mwenye hela.

Artadi, watengenezaji mvinyo wa kijiji cha Laguardia wenye shamba la El Pisón, waliamua mwishoni mwa 2015 kujitoa kabisa kwenye jina la Rioja. Kipindi hicho hicho mtengeneza mvinyo Telmo Rodríguez akakusanya wenzake, likatoka tamko la kutaka mashamba yatambuliwe. Mwaka 2017 mamlaka ya Rioja ikaanzisha Viñedo Singular, yaani daraja la shamba moja la pekee: mizabibu isipungue miaka 35, ivunwe kwa mkono, na zabibu nyekundu zisizidi kilo 5,000 kwa hekta, wakati kawaida ni 6,500. Ni hatua, lakini naona kama mgeni aliyewekewa kiti mlangoni. Nataka kijiji kiwe ndiyo daraja, pipa liandikwe nyuma ya chupa kwa herufi ndogo.

Muuza duka, Zaragoza:
Mkuu, unaongea kama unayemhudumia mtu ambaye bili inalipwa na ofisi. Mimi nauza kaunta. Mama anaingia Ijumaa jioni, ana mgeni nyumbani, anasema nipe Crianza. Neno hilo moja limemaliza kazi. Ukimwambia hii ni ya kijiji hiki, ile ya bonde lile, atachukua bia aondoke.

Halafu kuchanganya si uhuni. Zabibu ya Tempranillo ya juu milimani inaleta uchachu, zabibu ya Garnacha ya nchi ya joto inaleta nguvu, na mwenye ulimi mzuri anazioanisha. Usiku mmoja wa mwisho wa Aprili 2017 baridi iliunguza machipukizi sehemu kubwa ya Rioja. Mwenye vijiji kumi alijifariji na vijiji vingine. Mwenye shamba moja akae na falsafa yake ya udongo mwaka mzima?

Na Viña Tondonia, mvinyo wa López de Heredia, umeisahau makusudi. Gran Reserva, imelala pipani miaka na miaka, na watu wanaiabudu.

Mleta mada:
Tondonia ni jina la shamba, ndugu yangu! López de Heredia walianza kulipanda miaka ya 1913 na 1914, lipo kwenye kona ya Ebro pale Haro. Umenipa silaha mwenyewe. Pipa sina ugomvi nalo, ugomvi wangu ni pipa kuwa ndilo kipimo.

Shemeji wa Galicia:
Naona mmejifungia Rioja. Tokeni nje kidogo.

Kuna miaka ambayo aina za zabibu za kienyeji zilionekana ushamba hapa Hispania. Wataalamu walisema panda Cabernet ya Wafaransa uboreshe mvinyo wako, na Ulaya ikalipa watu wang'oe mizabibu. Garnacha nyingi ya Aragón ilikwenda namna hiyo, mizee kwa mizee. Hata Priorat ya Catalonia, waliokwenda kuifufua mwishoni mwa miaka ya 1980, René Barbier, Álvaro Palacios na wenzao, walipanda Cabernet na Syrah pia kwenye yale mawe meusi wanayoyaita llicorella. Baadaye ikaonekana chupa inayotikisa dunia ni L'Ermita ya Palacios, karibu yote Garnacha ya mizabibu mizee iliyokuwepo kabla yake. Milima ya Gredos, magharibi ya Madrid, vijana watengeneza mvinyo wa Comando G wamekwea hadi mita elfu na zaidi, kwenye mawe ya matale, na Garnacha yao ni nyepesi, ina harufu ya maua; ukifumbwa macho hutadhani ni binamu wa ile ya Priorat. Zabibu ile ile, mahali pengine, kinywaji kingine. Hoja ya mleta mada ipo hapo, si kwenye hasira za Artadi.

Bierzo nao, kaskazini-magharibi, wenye zabibu ya Mencía, mwaka 2017 walikubali ngazi: mvinyo wa kijiji, wa kitongoji, kisha wa shamba lenyewe. Wateja hawakukimbilia bia.

Ila nawachokoza kidogo kwenye hilo neno "kienyeji". Mencía Ureno inaitwa Jaen. Monastrell Ufaransa ni Mourvèdre. Garnacha, Wasardinia wanaapa ni yao, wanaiita Cannonau. Tukianza kuulizana vyeti vya kuzaliwa tutakesha.

Mvunaji:
Nimesoma kimya nikashindwa. Nimevuna misimu mitatu vijiji vya Álava, sehemu ya Rioja iliyo upande wa Wabasque. Mizabibu ya kisasa imetandazwa kwenye waya, unaivuna umesimama. Hiyo mizee mnayoisifu haina waya, imekaa kama kichaka, zabibu ziko usawa wa goti. Unakunja mgongo alfajiri unaukunjua jioni. Sharti la mkono mnaliandika kama sifa. Mkono wenyewe ni wa Mmoroko, Msenegali, Mromania, mimi. Nilikopita, siku ya shamba la kifahari na siku ya shamba la kawaida zililipwa sawa. Mwenye kuandika lebo aandike na hilo.

Mkulima, Hombolo:
Huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikipita mizani ya kiwanda hakuna anayeuliza imetoka Hombolo au Mpunguzi. Nalipwa kwa kilo. Sasa mleta mada, mkulima wa Rioja asiye na kiwanda naye si anauza kwa kilo? Jina la kijiji likipanda bei, inampanda nani?

Muuza duka, Zaragoza:
Mkulima kapiga penyewe. Kijiji kikiwa maarufu ardhi inapaa, na watakaomudu kununua ni zile zile nyumba za stesheni. Álava walijaribu kuanzisha jina lao pembeni ya Rioja, ikaishia mahakamani, na hadi leo sijasikia mkulima mdogo akisema kesi ile ilimwongezea senti.

Mleta mada:
Hilo la bei sina jibu zuri, na la mgongo wa mvunaji sikuwa nimelifikiria kabisa, naona aibu maana chupa hizo nazisimulia mezani kila siku. Nilidhani kijiji kikiandikwa, mwenye zabibu anapata nguvu ya kubishana bei, kwa sababu mnunuzi hawezi tena kuzipata kwingine. Bado nadhani hivyo kwa kijiji. Kwa shamba moja moja naanza kusita, maana hapo anayefaidi ni mwenye shamba peke yake.

Muuza duka, Zaragoza:
Basi tufanye hivi. Jumamosi naweka rafuni chupa mbili za bei moja, zote Tempranillo ya Rioja. Moja Crianza ya kuchanganya, nyingine imeandikwa kijiji tu, pipa haijalitaja. Sitamshauri mtu yeyote neno. Jumatatu nakuja kusema ngapi zimebaki kila upande.

Mvunaji:
Na mimi niwekee moja ya kijiji. Nataka kuona kama nitakitambua.