Naomba ushauri: biashara ya taa za vibuyu, Dodoma

Habari zenu wakuu. Dada yangu amefiwa na mume na anataka kujisimamia kwa kutengeneza taa za mezani za vibuyu hapa Dodoma mjini. Mkono anao, tumekwama kwenye vifaa na bei.

Kibuyu kinakaushwa mpaka mbegu zicheze ndani, kinakwanguliwa, kinapigwa msasa, kisha kinatobolewa kwa drili, biti za milimita 2 hadi 6. Mashimo yakikaribiana mno kinapasuka, hasa kile chembamba. Kisichokauka vizuri huota ukungu chini ya vanishi, na mteja akiuona jina limeshaharibika. Balbu ni LED ya wati 3 au 5 tu. Ile ya zamani ya wati 60 inaunguza kibuyu. Waya unapigwa fundo ndani ili ukivutwa usichomoke kwenye holda. Plagi iwe na fyuzi ya ampea 3, siyo 13, maana hitilafu ikitokea ile ya 13 inachelewa kukatika na waya mwembamba unaungua.

Holda imara kwa bei ya jumla zinapatikana wapi, soko la Majengo au la Sabasaba? Vanishi gani haigeuki njano? Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, unataka kikundi. Kwa mtu mmoja ni bora aanzie SIDO, lile shirika la viwanda vidogo? Na saa za kutoboa mnaziwekaje kwenye bei? Hapo ndipo muda wote unapoishia, na naogopa asije akauza kwa hasara bila kujua.