Mhusika akiachwa anakimbilia chupa: hadithi zetu zinatuonyesha tulivyo au zinatutetea?

Mtu wa Magomeni (Mtwara)

Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa kibanda umiza, kile kibanda cha kulipia kuangalia video, filamu ya Kibongo, moja ya zile ambazo ukiona dakika kumi unajua mwisho. Mke kaondoka na watoto. Jamaa anarudi nyumbani, hawashi taa, anachukua chupa ya pombe kali, anamimina, muziki wa huzuni unaanza. Kijana mmoja benchi la mbele akasema kwa sauti: "Mwache anywe, ana haki." Kibanda kizima kikakubali, na mimi nikajikuta natikisa kichwa.

Nikatoka. Jirani yangu, mjane wa mwaka jana, watoto watatu, alikuwa uani anakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho. Lundo la njano na nyekundu juu ya turubai, nyuki wamejaa, kanga yake ina yale madoa ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Yale maji akiyaacha yakachacha yanakuwa uraka; wa leo mtamu, wa keshokutwa unakuangusha. Anauza apate ada. Huyu amefiwa kweli, si kwa kuigiza. Sijasikia mtu akisema ana haki ya kunywa.

Hoja yangu ni hii: hadithi zetu humpa mlevi sababu kwanza, chupa baadaye. Kafiwa, kaachwa, kafukuzwa kazi, baba hakumpenda. Lakini hapa kwetu pombe inafuata kalenda ya korosho. Kuanzia Oktoba mabibo yapo chini ya kila mkorosho, minada inaanza, hela ikiingia benki baa zinajaa watu wanaocheka. Mbona huyo anayekunywa kwa sababu hela ipo simwoni kwenye hadithi? Mimi nasema waandishi wanatutetea. Anayepinga ajitokeze.

Mwalimu Mstaafu (Masasi)

Napinga, kijana wangu. Umehukumu fasihi nzima kwa filamu moja ya kibanda umiza. Soma *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi, na msomaji haombwi amhurumie. Anaonyeshwa anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo kile kinamfuata binti hadi mwisho wake. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na si kwa sababu ya Zakaria! Ulevi wa baba haukumshtua mtu, vituko vya binti ndivyo vilivyoshtua. Hapo ndipo ungeuliza swali.

Halafu chukua *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe. Unoka, baba yake Okonkwo, anapenda pombe na filimbi yake, ana madeni kayachora ukutani kwa chaki, anayemdai akija anamcheka. Hana huzuni ya kumsingizia. Anayeumia ni mwanawe, anaishi maisha yote akiogopa kufanana na baba. Mwandishi hodari huliweka jeraha la ulevi kwa yule asiyelewa.

Mtu wa Magomeni

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kwa Zakaria, na hilo la marufuku limenigusa. Ila vitabu hivyo tulivisoma kwa ajili ya mtihani. Kibanda umiza tunakwenda kwa hiari, na huko ndiko tunakojifunza mwanaume mwenye uchungu anakaaje kwenye kiti.

Chekecheke

Kwa hiyo mnataka mhusika akiachwa anywe uji?

Binti wa Tandahimba

Ndiyo kaka, anywe uji. Wengi wetu ndivyo tulivyofanya.

Mchora Maigizo (Lindi)

Naandika maigizo ya redio na video fupi, basi niseme ukweli wa jikoni. Pombe ni rahisi. Mtu akiwa na uchungu ndani, kamera haiuoni na redio haiusikii. Ukimpa chupa, uchungu unapata sauti: kizibo, kumimina, glasi kugonga meza. Msikilizaji wa Nachingwea anaelewa bila mstari hata mmoja wa maneno. Tena mlevi anaruhusiwa kusema asichoweza kusema mtu mzima wa akili zake. Kwenye utamaduni wetu mwanaume hamwambii mkewe "nimeogopa". Nikimlewesha, anasema. Chumba kimoja, mwigizaji mmoja, chupa ya maji ya chai, na tatizo la familia nzima limemwagika. Si kwamba natetea ulevi. Bajeti ndiyo inanibana.

Mtu wa Magomeni

Asante kwa ukweli, ingawa umenitisha. Kumbe uchungu wa wanaume wetu unapimwa kwa bajeti.

Mswahili wa Mikindani

Mnasahau aibu. Kwetu anayekunywa hakai sebuleni na glasi. Anakunywa tembo la mnazi huko shambani, anatafuna karafuu, anarudi kupitia mlango wa nyuma Isha imeshapita, na mkewe anajifanya amelala. Huyo mke anayejifanya amelala ni hadithi nzima. Sijamwona kwenye filamu yoyote.

Raia Mwema 1

Dawa ni Bodi ya Filamu ikate vipande vyote vya ulevi. Watoto wanaangalia.

Mwalimu Mstaafu

Ukikata, utabaki na mwanamke anayelia bila mtazamaji kujua kwa nini. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku mwaka 2017. Sikumbuki kama kuna mhusika aliyeacha kunywa.

Fundi (Newala)

Mimi nilikunywa miaka mingi, sasa nimeacha. Nimesoma yote haya na kuna kitu mnakizunguka.

Sikuwa na msiba. Nilianza kwa uraka wa kuonja, nikiwa kijana, na wenzangu, raha tupu. Baadaye gongo. Mke alipoanza kuuliza hela ya fundi imekwenda wapi, ndipo nilipohitaji sababu. Nikakumbuka baba alivyonikatalia shule ya ufundi. Kweli alinikatalia, lakini nilikuwa nimeshasamehe! Nikalifukua lile jambo, nikalisafisha, nikawa natembea nalo. Kila nikiulizwa, nalitoa. Watu wananionea huruma, wengine wananiongezea kikombe. Mpaka mwenyewe nikaamini ndilo lililonipeleka kilabuni.

Unajua nililitoa wapi lile wazo? Kwenye filamu. Simlaumu aliyeitunga, lakini nilijua kabisa kichwa kinainamishwa vipi.

Baba alifariki nikiwa bado namsema vilabuni.

Binti wa Tandahimba

Pole sana, kaka Fundi.

Mimi mama yangu aliuza uraka. Nimesoma mpaka kidato cha nne kwa hela hiyo, sioni haya kusema. Nilikuwa naosha vikombe, kwa hiyo niliwasikia wanaume wote. Sikilizeni jambo moja: wakifika walikuwa wanaongea mpira, bei ya mnada, nani kauza shamba. Matatizo ya nyumbani yalikuwa yanatajwa saa ya kulipa. "Mama, mwenzio nina mtihani, mtoto anaumwa, niandikie." Mama alikuwa na kipande cha mkaa, anachora ukutani nyuma ya mlango. Mwalimu aliposema habari ya chaki ya Unoka nilicheka peke yangu, maana kwetu ukuta ulikuwa wa mdai.

Wapo waliokuwa na uchungu wa kweli, sikatai. Mmoja alifiwa na watoto wawili kwa mfuatano. Huyo alikuwa haongei kabisa. Anakaa, anakunywa kikombe kimoja jioni nzima, analipa, anaondoka. Mtunga filamu hawezi kumtumia huyo, hana sauti ya glasi.

Kwa hiyo ndugu Mchora Maigizo, nina ombi. Hiyo hadithi ya mlevi mwenye majonzi iandike upya kwa macho ya anayeuza. Yeye naye ana majonzi yake, na amekatazwa kulewa kwa sababu akilewa nani atahesabu hela?

Chekecheke

Sasa hapo hata mimi nitalipa kiingilio.

Mtu wa Magomeni

Nabadilisha kauli kidogo. Mwanzo nilisema waandishi wanatutetea. Baada ya Fundi nadhani tunapokezana: sisi tunatoa kisingizio, wao wanakipamba, kinarudi kwetu kikiwa kizuri zaidi. Ila bado sijaridhika na hoja ya bajeti. Ukuta wenye mkaa unagharimu shilingi ngapi?

Mchora Maigizo (Lindi)

Haugharimu kitu, umenishika.

Jana usiku nimejaribu. Uani, jioni, mama anachuja maji ya mabibo, binti anaosha vikombe. Mteja wa mwisho hataki kuondoka. Mpaka hapo nimefika vizuri. Halafu mteja anaanza kulia, na mimi nikakwama. Kila mstari ninaompa mama unakuwa hotuba. Dada wa Tandahimba, mwanaume akianza kulia pale kwenu, mama alikuwa anasema nini?

Binti wa Tandahimba

Alikuwa anamuuliza, "Una shilingi ngapi?"

Halafu anamsogezea kigoda mbali na moshi.