Tupeane uzoefu: ulijiandaaje na demo ya bidhaa yako mbele ya watu?

Habari za jioni wakuu. Vijana wa huku kwetu Nyanda za Juu wanatengeneza vitu vya maana kabisa, ila siku ya kuonyesha mbele ya watu kitu kinakuja kuonekana cha kawaida sana, na hili jambo linaniuma kwasababu kazi iliyopo nyuma yake naijua. Semina za kupitchi, yaani kunadi wazo lako mbele ya watu, zipo, utaambiwa slaidi ziwe ngapi, uvae nini, usimame vipi, lakini demo yenyewe, yaani watu waone kitu kikifanya kazi, inaachwa hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Waliowahi kusimama mbele ya watu naomba mtuambie mlijiandaaje. Naanza mimi.

Sisi tuna mfumo wa vituo vya kukusanyia maziwa huko Rungwe. Mama analeta maziwa, karani anapima, anaingiza lita kwenye simu, mama anapata meseji ya lita zake na hela anayodai. Tulipoitwa kuonyesha kwenye ukumbi mmoja hapa Mbeya mjini tukakubaliana mapema kwamba ripoti, grafu na mambo ya mikopo havipandi stejini. Tukamwomba mama mmoja mteja wetu wa Tukuyu aje na ndoo yake na kitochi chake. Karani akamimina maziwa kwenye kipimo, akaandika lita nane, halafu wote tukanyamaza. Kitochi kikalia, mama akasoma meseji kwa sauti, akageuka akamwambia karani "sawa, ni zenyewe". Baada ya hapo hatukuwa na kitu cha kueleza tena, watu walishaelewa.

Kule kunyamaza tulikufanyia mazoezi kuliko maneno, maana ukisubiri meseji stejini sekunde chache zinakuwa ndefu sana na mtu anaanza kuropoka. Pia kagueni sanduku la meseji, vile visimu vya zamani likijaa meseji mpya haiingii. Na mama alilipiwa nauli na siku yake, hilo msisahau jamani, mtu kaacha ng'ombe wake kaja kukusaidia wewe.

mtu_wa_uyole: Mkuu umegusa penyewe. Mimi natengeneza kifaa cha kumwagilia kinachopima unyevu wa udongo, na demo yangu kubwa ilikuwa Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale. Bandani ni tofauti kabisa na ukumbini. Mwezi wa nane ni jua na vumbi, skrini ya laptopu mchana haisomeki, na watu hawakai, anasimama kidogo anaendelea kwa trekta za jirani. Kwahiyo niliamua mapema demo yangu isitegemee skrini hata kidogo. Ndoo mbili za udongo, moja mkavu moja umelowa. Namkabidhi mkulima kile kijiti cha kupimia achomeke mwenyewe. Akichomeka kwenye mkavu pampu inanguruma na maji unayaona yanapita kwenye mpira wa kupitisha mwanga, akihamishia kwenye ndoo iliyolowa pampu inazima. Wazee walikuwa wanarudia rudia wenyewe, wanaita na wenzao. Umeme nilitumia betri ya volti 12 na sola ndogo, sikutaka kabisa kuchomeka kwenye ekstensheni ya banda. Kitu cha kuandaa hapo ni udongo, ukavu wenyewe unaisha maana kila mtu anaumwagia, uwe na gunia la akiba nyuma ya banda.

kihesa_juu: Kamwene wakuu. Iringa huku, sisi ni mfumo wa ada za shule. Nasisitiza mtandao. Unaenda ukumbini asubuhi upo mwenyewe, intaneti inakimbia, unaridhika. Jioni watu wamejaa, kila mtu na simu yake anapiga picha anatuma, data inakata. Hili halichagui mkubwa wala mdogo, Steve Jobs mwaka 2010 akionyesha iPhone 4 kurasa ziligoma kufunguka, akaambiwa mle ukumbini kuna vituo vya waifai 570 vinavyogombania mawimbi, ikabidi awaombe watu wazime vya kwao ndio aendelee. Sisi tulichofanya, seva nzima, yaani ile kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo, tuliiweka ndani ya laptopu, simu ya demo inaongea na laptopu moja kwa moja bila intaneti. Pembeni tuna laini mbili za mitandao tofauti, na video ya demo nzima kwenye flashi. Video irekodiwe kwa mwendo ule ule utakaoongea nao, ili ukihamia kwenye video maneno yako yasibadilike.

Umeme nao. Ukikatika laptopu inabaki na chaji lakini projekta inazima, jenereta likiwaka projekta inataka muda wa kupata moto. Jipange muda huo nani anaongea na anaongea nini. Sisi mwenzetu mmoja kazi yake ilikuwa hiyo tu, kusimulia mzazi wa Kilolo anavyofunga safari kupeleka risiti ya benki shuleni.

mwanachuo_mby: Samahani wakuu, mimi bado nipo chuo, naomba kuuliza. Seva kuiweka ndani ya laptopu si kama kuwadanganya majaji?

kihesa_juu: Swali zuri mdogo wangu. Tulisema mapema kabisa, kwamba leo inaendeshwa hapa hapa kwasababu ya mtandao, na anayetaka kuiona ya intaneti aje mezani kwetu baadae. Hakuna aliyelalamika. Kingekuwa ni kitu ambacho hatujakijenga halafu tunaonyesha picha tu tunadai kinafanya kazi, hapo ndio ungekuwa uongo na mimi siwezi kusimama nao. Angalia iPhone ya kwanza, Januari 2007 wakati inaonyeshwa San Francisco simu zenyewe zilikuwa bado zinakwama, wahandisi wakapanga mfululizo wa hatua ambao wanajua hauleti shida na kwenye jukwaa kulikuwa na simu zaidi ya moja. Lakini Juni mwaka huo huo watu walinunua dukani na ikafanya vile vile. Kupanga hatua ruksa, ila mteja akifika akikute ulichomwonyesha.

parachichi_njombe: Naongezea mawili. La kwanza taarifa za wateja. Naona watu wanafungua mfumo wa kweli kwenye projekta, majina na namba za simu za wakulima zote ukutani, watu wanapiga picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, tengeneza akaunti ya demo yenye wakulima wa kubuni. Na simu ya demo isiwe yako binafsi, meseji ya nyumbani inaweza kuingia juu ya skrini wakati majaji wanaangalia.

La pili, ukumbi wa huku una wakulima na maafisa ugani, sio wawekezaji peke yao, na maswali yao ni mawili, bei gani na kikiharibika nani anakuja. Mimi nakusanya parachichi hadi vijiji vya mbali, kwahiyo jibu la pili tuliliweka ndani ya demo yenyewe. Fundi wetu anachomoa betri ya mzani wetu wa kupimia parachichi mbele ya watu, anaweka nyingine, mzani unawaka na uzito uliopimwa mwanzo bado upo. Mzee mmoja alitoka kwenye kiti akaja akaichomoa tena yeye mwenyewe, akaangalia namba, akauliza tunafika Makete siku gani.