Machotara na uchawi wa giza kwenye riwaya yangu, jamii iwaone vipi?

mwandishi_mbale
Salaam wakubwa kwa wadogo. Naandika riwaya ya dunia ya kubuni, kuna watu wa ziwa na watu wa mlimani na kuna waliozaliwa kati, baba huku mama kule. Pia kuna uchawi wa giza wa kutumia roho za wafu. Nimeandika kwamba kila mtu anawachukia hao machotara na kila mtu anaogopa uchawi, lakini nikisoma naona kijiji kizima kinaongea kwa mdomo mmoja, haina uhai kabisa. Nyi mngefanyaje? Nataka itoke kwetu, sio majumba ya mawe na madragoni.

mtu_wa_hoima
Ndugu angalia kwanza hadithi za Kitara, ufalme wa kale wa huku magharibi mwa Uganda. Mfalme Isaza alitakiwa kuchanja damu na Nyamiyonga mfalme wa kuzimu, akamtuma Bukuku mlinda lango wake achanje badala yake, Nyamiyonga akakasirika ati ameunganishwa na mtu wa hadhi ya chini, akamtuma binti yake Nyamata kumvuta Isaza. Wakazaa Isimbwa, nusu wa juu nusu wa kuzimu. Isaza akapotelea huko chini na Bukuku akakalia kiti, sasa waaguzi wakamwambia mtoto wa binti yako Nyinamwiru atakuletea balaa, akamfungia binti, Isimbwa akamfikia humo humo, mtoto akazaliwa akatupwa mtoni, mfinyanzi akamwokoa. Huyo ndo Ndahura, alimuua babu yake akatawala. Ona sasa, anayemwogopa mtoto ni mtu mmoja mwenye kiti cha kulinda, sio nchi nzima! Na Wachwezi, yaani watawala wa ukoo wa Ndahura, walipotoweka watu wakabaki kuziita roho zao ziwaponye, kwa hiyo roho za wafu hazikuwa giza kwao.

binti_bombo
Kaka wa Hoima stori tamu lakini hiyo ni ya wafalme, mtoto wa mkulima hana mtu wa kumwimbia. Mi ni Mnubi, wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria huko Sudan, waliochukuliwa na Mwingereza Lugard 1891, walitoka makabila mengi wakaoana na wengine huku. Katiba ya 1995 imetutaja kati ya jamii za asili zilizokuwepo Uganda 1926, sawa, na bado mtu anakuuliza kwenu hasa ni wapi. Haulizi kwa chuki, anauliza huku anakupimia sukari dukani, na inachosha kuliko matusi. Hiyo ndo weka. Halafu wape machotara wako lugha yao, harusi zao, na wao pia wawe na watu wanaowadharau.

mama_wa_vitabu
Mwanangu, kwenye uchawi tenganisha. Huku Buganda omusawo (mganga) na omulogo (mchawi) sio mtu mmoja, na hata Sheria ya Uchawi ya 1957 inasema ibada ya mizimu ya dhati na dawa za kienyeji sio uchawi. Sheria hiyo hiyo iliruhusu korti kumfukuza mtu asirudi karibu na kwao, mpaka Mahakama ya Katiba ikaikataa adhabu hiyo 1997. Jiulize, akifukuzwa, shamba analima nani? Mara nyingi anayepiga kelele ya mchawi ni jirani wa mpaka. Na kumbuka basezi, wacheza usiku, watu wanaamini inarithiwa kwenye familia. Dunia yako ikiamini hivyo basi chotara ataangaliwa kila siku kama amechukua ya baba au ya mama, hapo mambo yako mawili yanakuwa moja.

mwandishi_mbale
Banange asanteni, mama umenifungua. Nafuta sura ya tatu yote. Yule mwanamke wa kati atashtakiwa na shemeji zake wa mlimani ambao wanataka migomba yake, na watu wa ziwa watamwita usiku kwa wagonjwa wao halafu mchana hawamsalimii. Dada wa Bombo, nikimaliza hiyo sura naomba uisome wewe kwanza.