Saketi za topolojia zisizo na sumaku: je, kweli zina kinga?

Mleta mada: Wakuu, utafiti huu unakula fedha za walipa kodi Marekani, Japani, China na Ulaya, kwa hiyo tuulize waziwazi: saketi za topolojia (zile ambazo mpangilio wa mchoro wake ndio huongoza wimbi lipite pembezoni au mpakani) zisizotumia sumaku ziendelee kutangazwa kwamba zina kinga dhidi ya wimbi kurudi nyuma? Mimi nasema hapana.

Penye sumaku sibishi. Wanafizikia Haldane na Raghu walichapisha nadharia ya wimbi la kwenda upande mmoja tu mwaka 2008. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walipanga fito za feraiti (kauri inayoitikia sumaku) ndani ya uga wa sumaku, wakapitisha mawimbi ya karibu 4.5 GHz pembezoni mwake, kisha wakaziba njia kwa kipande cha chuma. Wimbi likakizunguka na kuendelea mbele, kwa sababu pale hakuna kabisa njia ya kurudi.

Sasa tazameni saketi ya mwaka 2018 ya watafiti wa Japani na China: mistari ya metali kwenye bodi, imechorwa kama sega la asali, mingine mipana, mingine myembamba. Upande mmoja mistari mipana iko ndani ya kila pembesita, upande wa pili iko kati ya pembesita na jirani yake, na wimbi hufuata mpaka wa pande hizo. Ubunifu mzuri mno. Lakini pasipo sumaku, kila wimbi linalokwenda lina pacha wake arudiye kwenye mpaka uleule. Kinachowatenganisha ni ulinganifu wa mchoro tu, na pale mpakani penyewe ulinganifu huo umeshavunjika.

Mchangiaji: Mkuu, sumaku ni nzito na haziingii kirahisi kwenye bodi nyembamba. Hizi zinatengenezwa kama bodi yoyote ya redio. Kinga pungufu inayotengenezeka naipokea kwa mikono miwili.

Mleta mada: Pungufu kiasi gani? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walipima njia za mwanga kwenye silikoni, nazo za topolojia bila sumaku. Mwanga ulirudi nyuma kwa nguvu, na dalili ya kinga hawakuiona.

Mchangiaji wa pili: Hapo unachanganya mambo. Ule ni mwanga, tena uliopunguzwa kasi, na mpango wao wa ulinganifu ni mwingine. Wimbi la 3 GHz lina urefu wa sentimeta 10 hewani. Mstari ukikosewa kwa sehemu ya kumi ya milimita, wimbi halijali.

Mleta mada: Sawa, tofauti hiyo ipo. Ila kama wimbi halijali, basi hata mstari wa kawaida hautaathirika na kosa hilo, na kona yake ikikatwa mshazari hurudisha kidogo sana. Kinga imefanya kazi gani hapo? Tena topolojia haizuii nishati kupotea kama joto ndani ya metali na bodi. Ninachodai ni kipimo kimoja: bodi ileile, masafa yaleyale, mstari wa kawaida kando ya ule wa topolojia, kasoro zilezile kwa wote wawili, tuone ni nguvu kiasi gani inafika mwisho. Mwenye vipimo vya namna hiyo avilete hapa.